Siku Niliyosiriba Kanisa Kuanzia Mlangoni

Wacheni niwaambie mimi mwenyewe, maana mkipita soko la Rangwe mtaambiwa na mtu mwingine na ataongeza chumvi: ule mguu uliotoka dirishani kanisani kwetu, umejaa matope mpaka kwenye kifundo, huku sauti ya kike ikiendelea kuomba kule ndani, ulikuwa mguu wangu. Sikatai. Nimeona aibu mpaka aibu yenyewe imenizoea, na siku hizi naweza kuisimulia huku nachambua omena, wale dagaa wa ziwani, bila kukosa hata changarawe moja.

Naitwa Boke. Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha, kule Migori, nikaolewa na Mjaluo wa huku Homa Bay, na tangu nifike hakuna mtu anayeniita kwa jina langu isipokuwa mume wangu. Wengine wote wananiita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, ndivyo wenyeji wanavyowaita wake walioletwa kutoka mbali. Kijaluo changu kilianza na kuomba chumvi jirani na kikakaa hapohapo kwa muda mrefu, kwa hiyo mimi na wakwe zangu tunaongea Kiswahili, na Kiswahili chenyewe (Mungu atusamehe) kila mtu anakivuta upande wake.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, siwezi kufanya kazi ya mikono bila kumwona Mungu ndani yake. Si kwamba natokewa na malaika, hapana, ni mawazo tu. Naosha sufuria, nachukua jivu, nasugua masizi, halafu nasimama nawaza, kumbe moto uleule ulioitia sufuria weusi ndio uliozaa jivu la kuing'arisha, basi huenda hata yale yaliyonichoma mimi Mungu ameyaweka kando akingoja siku ya kunisugulia. Nachambua omena, natoa changarawe, nawaza hivi ndivyo anavyotuvumilia, anaokota uchafu mmojammoja wala hatupi rundo zima. Mume wangu Ouma, ambaye kazi yake ni kununua omena kule Sori ziwani na kuja kuziuza huku, aliwahi kuniambia, "Boke, mimi nataka kula tu. Hii omena ukimaliza kuihubiri itakuwa imepoa." Lakini alikuwa anacheka, na alisikiliza mpaka mwisho.

Mahali ugonjwa huu uliponilemea kabisa ni kanisani. Kanisa letu ni dogo, kuta za mabati, mlango mmoja mpana mbele, na kule mwisho jukwaa fupi la saruji ambalo ndilo madhabahu. Sehemu nyingine yote ni sakafu ya udongo, na kila Jumamosi sisi akina mama tunakusanyika kuisiriba kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo na maji (mbele ya askofu tunasema kinyesi, mkiwa peke yenu semeni mnavyojua), ili Jumapili vumbi lisipande na funza wasipate makao. Nilianza kwa kusema neno mojamoja huku tunasiriba. Wakacheka. Jumamosi nyingine nikasema zaidi, na mama mmoja akaacha kusiriba akajifuta machozi kwa mkono mchafu, ikabidi tumwoshe uso. Baadaye wakaanza kuja hata wanawake wasio wa kanisa letu, wanasimama mlangoni na mitungi yao ya maji, wanasema wanapumzika kidogo, halafu hawaondoki.

Mama Akoth, mwenyekiti wetu wa akina mama, mwanamke mkubwa wa mwili na sauti, akasema waziwazi, "Nyar Kuria, wewe tutakuweka mwalimu wetu. Tumechoka kufundishwa na watu hawajawahi kushika ufagio."

Hapo ndipo tulipogonga mwamba, na mwamba huo ulikuwa baba mkwe wangu.

Mzee Onditi ndiye mzee mkuu wa kanisa letu. Msinielewe vibaya, ni mtu mwema, ndiye aliyenilimia shamba langu la kwanza Ouma akiwa ziwani. Lakini kwetu Ukuria na kwao Ujaluoni, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Haniingilii nyumba. Hatupeani mkono. Hatuli pamoja. Nikimwona anakuja njiani napisha, naye anajifanya anaangalia mawingu. Na jambo la kuinama ukimpa mgongo baba mkwe, hilo hata mtoto anajua halifanyiki. Kwa hiyo walipolipeleka jina langu kwenye kikao cha wazee, yeye alisema, "Mwalimu ni mtu wa kuangaliwa. Sasa mimi nitamwangalia mke wa mtoto wangu namna gani?" Na wazee wote wakamwunga mkono, maana wote wana wake wa watoto wao.

Pasta wetu, mtu wa kutafuta njia ya katikati, akapendekeza hivi: kulikuwa na Jumamosi inayokuja ambapo askofu angetutembelea, na akina mama wa Migori na Homa Bay wangekutana kwetu. Nifundishe siku hiyo mara moja tu, nikisiriba kama kawaida yangu, wazee wasikilize, halafu waamue. Mzee Onditi alifikiri sana akasema, "Sawa. Lakini akituaibisha, arudi kwa kupika chai, na haya maneno ya sufuria yaishe."

Niliambiwa maneno hayo na Mama Akoth, na nawaambia ukweli, usingizi ulinitoroka. Kuchemsha chai si kazi mbaya, hata chai ina mafundisho yake (nitawaambia siku nyingine mkinikaribisha). Ila tangu nitoke kwetu nikiwa mke mpya, mgeni wa lugha, nilikuwa mtu wa kunyamaza pembeni na kutabasamu. Jumamosi pale kanisani ndipo mahali pekee watu walisema, "Nyamazeni, Nyar Kuria anataka kusema." Nililitaka darasa lile kwa moyo wangu wote, na nilikuwa tayari hata kusiriba barabara ya Rangwe nzima ili nilipate.

Siku ikafika. Akina mama wenzangu waliamka mapema wakasiriba pande zote mbili za kanisa, wakaniachia njia pana ya katikati, kutoka madhabahuni hadi mlangoni, ndiyo ya kufundishia. Mabenchi yote yalikuwa nje chini ya turubai, yameelekezwa mlangoni, na mbele kabisa wameweka viti vya wakubwa. Askofu alikuwa ametoka Migori, mtu mnene mcheshi, kando yake Pasta, na kando ya Pasta kiti cha Mzee Onditi. Kiti kilikuwa tupu, lakini kofia yake nyeusi ilikuwa juu yake, na mnajua kofia ya mzee ikikaa kitini maana yake mwenyewe yuko karibu, ameenda haja, anarudi. Kulikuwa na kijana mmoja wa Homa Bay mjini ameshika simu juu, anachukua video. Mimi nimefunga leso mbili, miguu haina viatu, karai langu limejaa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana ni hapa nilipojichimbia shimo. Mtu yeyote aliyewahi kusiriba anajua kwamba unaanzia ukuta wa mbali. Unainama, unapaka kwa mkono nusu duara, unarudi nyuma, unapaka, unarudi nyuma, hadi unatokea mlangoni na kazi yako yote iko mbele yako inakauka. Msichana wa darasa la pili anajua. Mimi najua tangu sijaota meno ya ukubwa. Ila nilipotazama madhabahuni na kutazama tena mlangoni, nikaelewa jambo ambalo sikulifikiria hata siku moja tangu nialikwe: nikianzia kule, nitakuja kinyumenyume kuelekea kwa wageni, nimeinama, na sehemu ya kwanza itakayomfikia Mzee Onditi akirudi kukaa kitini pake ni mgongo wangu (nasema mgongo kwa heshima yenu).

Nikaona kofia ile inaniangalia. Nikaamua, papo hapo, bila kuuliza mtu: leo nitaanzia mlangoni. Nitawaelekezea uso, nitarudi nyuma kuelekea madhabahuni, heshima itakuwa imelindwa na kazi itakuwa imefanyika. Nilijiona nina akili sana.

Nilipoinama kwenye kizingiti, Mama Akoth aliyekuwa benchi la mbele akaninong'oneza kwa ile sauti yake ambayo hata ikinong'ona inasikika, "Nyar Kuria, si unaanzia kule?"

"Mama, wacha," nikamjibu. "Leo naongozwa."

Naongozwa! Jamani, nikikumbuka neno hilo natamani kujifunika kwa karai.

Basi nikaanza, na msione nacheka mkadhani mafundisho yalikuwa mabaya. Yalikuwa matamu. Nilinyunyiza maji kwanza, nikawaambia sakafu kavu inakataa mchanganyiko, unapaka leo, kesho imebanduka, na moyo nao ni hivyo, neno halishiki mahali ambapo machozi hayajawahi kupita. Nikachota kwa mkono, nikawaonyesha. "Akina mama, hiki ni nini?" Wakacheka, hakuna aliyetaka kukitaja mbele ya askofu. Nikawaambia, "Hiki jana mlikiruka njiani mkashika pua. Kesho mtakikalia na gauni jeupe. Mungu hakukibadilisha kikawa asali, alikitafutia kazi tu. Sasa wewe uliyerukwa na watu njiani, nani amekuambia huna kazi katika nyumba ya Bwana?"

Vigelegele! Askofu akapiga goti lake kwa kiganja. Mimi narudi nyuma, napaka, nasema. Nikawaambia waangalie alama za vidole, kwamba kazi hii haina mashine, mahali pote mkono umepita unaonekana, na hata sisi tukijitazama vizuri tutaona Mungu alipopitisha mkono wake. Mama mmoja wa Muhuru Bay alisimama akainua mikono juu akalia. Nikapata nguvu zaidi. Nikasahau kiti, nikasahau kofia, nikasahau hata mlango. Nilipaka kwa mikono miwili, mchanganyiko ukanirukia miguuni mpaka kwenye vifundo, na sauti ikaongezeka, mpaka kisigino changu kikagonga saruji ya madhabahu, nikapanda juu, nikanyoosha mgongo, nikatazama kazi yangu.

Ilikuwa nzuri. Inang'aa yote, kutoka ukuta hadi ukuta, kutoka miguuni pangu hadi mlangoni. Na mimi niko ndani.

Hakuna mahali pa kukanyaga. Nje, watu wote wananitazama wakitabasamu, wanangoja nitoke. Askofu ananitazama. Simu ya yule kijana inanitazama. Mama Akoth peke yake ndiye aliyeelewa, nikamwona anaziba mdomo kwa kitambaa, na mabega yake yanatingishika. Ningesema tu wakati ule, "Jamani nimejifungia," tungecheka, ingekwisha. Lakini nilifikiria kikao cha wazee. Wangesema, huyu mwalimu gani hajui hata kutoka kwenye somo lake mwenyewe. Na nyuma yangu, juu ya madhabahu, kulikuwa na dirisha la mbao lisilo na vyuma.

"Ndugu zangu," nikasema kwa sauti tukufu, "tusimame. Tufumbe macho. Tuombe."

Watu kama mia wakafumba macho (sikuwahesabu, nilikuwa na haraka). Nikaanza kuomba na huku nafungua dirisha polepole. Nikawaombea wagonjwa, nikapanda kiti cha Pasta kilichobaki madhabahuni. Nikawaombea wajane na yatima, nikatoa mguu mmoja. Nikaiombea serikali ya kaunti, nikatoa wa pili, nikalala kwa tumbo juu ya kizingiti, kichwa na mikono ndani, miguu inaning'inia nje, na leso ya juu imekwama kwenye komeo. Nilijua chini ya dirisha lile kuna matofali yaliyobaki tulipojenga jukwaa. Nikatafuta kwa kidole cha mguu. Nikatafuta tena. Mguu ukagusa kitu kigumu, cha mviringo, laini, chenye joto. Nikasema moyoni, hili ni tofali limepigwa na jua, sifa kwa Yesu. Na kwa mdomo nikaomba kwa nguvu, "Asante Bwana, umetuwekea mwamba chini ya miguu yetu!"

Nikakanyaga kwa uzito wangu wote.

"Nyasacha!" tofali likapiga kelele.

Nyasacha ni Kijaluo, maana yake ni Mungu wangu, na sauti ile niliijua. Ilikuwa ya baba mkwe wangu.

Sijui nilirudi ndani namna gani. Nakumbuka tu nilianguka kifudifudi juu ya madhabahu, leso imebaki kwenye komeo, karai limepinduka na mchanganyiko uliobaki umemwagika, na watu wote wamefumbua macho. Halafu kutoka nyuma ya kanisa tukasikia hatua za mtu anazunguka bila haraka, na Mzee Onditi akatokea mlangoni. Hakuwa na kofia. Kofia ilikuwa kwenye kiti. Na juu ya kichwa chake, kile kichwa chake kisicho na unywele hata mmoja, kulikuwa na unyayo wangu, kisigino na vidole vyote, umechapishwa vizuri kabisa kwa kinyesi cha ng'ombe.

Ukwe wote huo, miaka yote ya kupishana njiani na kuangalia mawingu, halafu nimemkanyaga kichwa. Mzee mmoja akaanza kunong'ona kwamba jambo hili sasa linataka mbuzi wa kutakasa. Nililia. Nililia kweli, si machozi ya mafundisho, kwa sababu nililiona darasa langu linaondoka, na zaidi ya darasa, nilimwona mtu aliyenilimia shamba amesimama mbele ya wageni na uchafu wa mguu wangu kichwani.

"Baba, nisamehe," nikasema kutoka kule mwisho. "Nilianzia mlangoni. Sikutaka kukupa mgongo. Sasa nimejifungia na sina njia."

Mzee akatazama sakafu. Akanitazama mimi, nafikiri kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Akatazama tena sakafu.

"Wewe ulianza kwa mlango sababu yangu?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Yawa!" akasema, yaani jamani kwa Kijaluo, akatikisa kichwa, na unyayo ukatikisika nacho. "Na mimi nilitoka kwa kiti nikaenda kukaa huko nyuma chini ya dirisha, ndio wewe ufundishe bila kuona haya. Nilikuwa nasikia kila kitu. Hata ile ya maji na machozi, niliisikia." Akageukia wale wazee waliokuwa wananong'ona. "Na hakuna mbuzi itachinjwa hapa. Mimi nimekanyagwa kwa maombi, si kwa matusi."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mzee hakujali. Aliniuliza, "Sasa utatoka namna gani?"

Ndipo nikaliona somo lenyewe, limekaa pale mbele yangu linaningoja tangu asubuhi. "Baba, kutoka naweza," nikamwambia. "Ni lazima nikanyage hii kazi yangu, nirudi nyuma, kila nilipokanyaga nipafute kwa mkono. Lakini nitakuja nimewapa mgongo, na wewe uko hapo."

Akafikiri kidogo tu. Kisha akainua mkono, na kwa ile sauti yake ya kikao akasema, "Wanaume wote, simameni. Angalieni barabara." Yeye mwenyewe akageuka wa kwanza, akatupa kisogo. Pasta akageuka. Askofu, mtu mkubwa wa Mungu, akainuka na kiti kikamfuata kidogo, akageuka. "Na wewe wa simu," Mzee akasema bila kutazama, "geuka pamoja na simu yako."

Nikazoa kile kilichomwagika, nikakirudisha kwenye karai. Nikaligeukia dirisha. Nikateremka madhabahuni kinyumenyume, mguu wangu ukazama kwenye ile sakafu nzuri ya kung'aa, na nikainama nikaufuta unyayo wangu kwa kiganja, nikarudi nyuma, nikaufuta mwingine. Na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Akina mama," nikasema, "niliyowaambia mwanzo ni kweli, lakini nilianza vibaya. Nilitaka mnione uso tu. Kila mtu ana upande anaoufunika, na mtu anaweza kupaka maisha yake yakang'aa ukuta kwa ukuta kwa sababu tu ya kuufunika huo upande, halafu mwisho wa kazi anajikuta amefungiwa ndani peke yake, na watu huko nje wanamtabasamia. Nilitafuta dirisha. Dirisha limenipeleka pabaya, mmeona wenyewe. Toba haina dirisha. Inapita hapahapa katikati, juu ya kile ulichokipamba, na unakiharibu watu wakiona, na kila unapokanyaga unainama unapatengeneza. Ni polepole. Inauma mgongo. Lakini ndiyo inatufikisha mlangoni."

Sikuwaona, nilikuwa naangalia sakafu. Nilisikia kwanza Mama Akoth akisema "Ee Bwana" na hakuwa anacheka tena. Halafu nikasikia wimbo umeanza chinichini, wanawake wa Migori na wa Homa Bay pamoja, nami narudi nyuma kwa mwendo wa wimbo, nafuta, narudi, nafuta, na ile aibu ikawa inalegea. Mwishowe kisigino changu kikagusa nyasi kavu za nje. Nikanyoosha mgongo. Kanisa lote lilikuwa mbele yangu, halina unyayo hata mmoja, na mimi niko nje.

"Amina," nikasema.

"Amina," akajibu Mzee Onditi, bado amegeuka. "Nyar Kuria, umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Umesimama wima?"

"Nimesimama wima, Baba."

Akageuka, na wanaume wote wakageuka. Alikwenda kwenye kiti chake, akachukua kofia, akaitazama, akairudisha kitini bila kuivaa. Akawaambia watu, "Mimi nilikuwa naona haya, na huyu mtoto alikuwa anaona haya. Leo tumeoneana haya mpaka imekwisha. Wazee, kama kuna mwenye neno aseme." Wazee wakaitikia kwa kichwa. "Basi mwalimu ni huyu. Kila Jumamosi. Lakini ile dirisha iwekwe vyuma leo leo, kabla mtu hajaenda nyumbani."

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo sijavisikia hata harusini kwangu. Mama Akoth alinikumbatia na uchafu wangu wote, akaharibu gauni lake, hakujali. Askofu alikuja akanishika mkono kabla sijanawa, akasema, "Mama, utakuja Migori kufundisha akina mama wa huko. Shida ni moja tu, kanisa letu ni la saruji." Nikamwambia, "Baba Askofu, niletee sufuria yenye masizi." Akacheka mpaka akashika ubavu. Kabla sijamaliza kuosha mikono simu yangu ilikuwa inalia, Ouma anapiga kutoka Sori, habari imeshafika ziwani: "Boke, ni kweli umemkanyaga baba yangu?" Nikamwambia ni kweli. "Na wamekufanya mwalimu?" Nikamwambia na hilo pia ni kweli. Akasema basi nimletee karai lile Sori, huenda nao wanunuzi wa omena wakaokoka.

Nimekwenda Migori. Nimekwenda Muhuru Bay, nikafundisha ufukweni tukigeuza omena juani. Lakini popote ninapokwenda, neno ninaloanza nalo ni kiapo, nami nimekishika tangu siku ile: sitasiriba tena nikianzia mlangoni, hata akija rais kukaa kiti cha mbele. Naanzia madhabahuni, na anayetaka kuona uso wangu atangoja nifike nje.

Na Jumamosi hapa nyumbani, nikishainama na kuchota ya kwanza, nasikia kiti kikiburutwa nyuma ya kanisa na kuwekwa chini ya dirisha lenye vyuma. Hatusalimiani. Mimi nasema, yeye anasikiliza, na nikifika mwisho nikasema amina, yake ndiyo huwa ya kwanza kujibu. Mama Akoth alichungulia siku moja akarudi akiwa hoi kwa kicheko: mzee amekaa, macho ameyafumba, na kofia ameivaa mpaka masikioni.